Sinuziti ilivyoninyang'anya hesabu

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Birere, hapa Goma. Mimi ni kambisti. Kwa wasomaji wasioujua mji wetu, kambisti ni yule mama au kijana anayekaa kando ya barabara na kasha lake la mbao, akibadilisha dola kuwa faranka za Kongo, za Kongo kuwa za Rwanda, na kurudi tena. Meza yangu haiko mbali na mpaka wa Petite Barrière, nami nimeikalia miaka 16. Gazeti lenu hunifikia limechelewa siku mbili tatu, likipita mkono wa abiria huyu na yule, lakini hulisoma lote hadi matangazo ya misiba.

Kwenye ukurasa wenu wa afya mliweka kisanduku kidogo kilichosema kwamba sinuziti (uvimbe wa vijumba vya hewa vilivyo usoni) ni "mafua yaliyokawia", na kwamba mgonjwa anywe antibiotiki apumzike. Basi, yakaishia hapo. Maneno yenyewe hayajai kiganja. Nimekikata kisanduku hicho nikakibandika ndani ya kifuniko cha kasha langu, wala si kwa kukipenda. Nataka kiwe mbele ya macho yangu ninapoandika, nisije nikasahau kilichoniudhi. Kusahau ndiyo habari yenyewe.

Siku moja ya mwaka 2024, dola ikiwa faranka 2,800, alikuja kijana na dola 35. Hesabu ya namna hiyo huwa siipigi, hunijia kama jina la mtoto wangu: 98,000. Nikahesabu noti, nikampa. Akazihakiki, akazikunja, akabaki amesimama akihangaika na zipu ya koti lake. Nami nikachukua fungu jingine, nikahesabu 98,000 tena, nikampa. Alinitazama kidogo. Akapokea, akaenda zake. Jioni nilipofunga kasha ndipo nilipoliona pengo. Mtoto anayeuza inite (vocha) za simu pembeni yangu akaniambia kwa upole: "Mama, yule ulimlipa mara mbili. Nilifikiri una deni lake."

Kwa kambisti wa kiwango changu, faranka 98,000 ni jasho la siku nyingi. Lakini sikukosa usingizi kwa ajili ya pesa. Nilichoogopa ni ile dakika ya katikati, baina ya malipo ya kwanza na ya pili. Haimo kichwani mwangu. Nimeitafuta hadi leo siioni.

Nirudi nyuma. Tarehe 22 Mei 2021 jioni Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka hadi pembezoni mwa mji, na baada ya siku tano wengi wetu tukaamriwa kuhama. Mimi na watoto wanne tulishika njia ya Sake kwa miguu, tukalala darasani juu ya saruji, tumepangwa kama sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, wanaoanikwa. Nilirudi Goma na mafua. Watu wengi walirudi na mafua. Yao yaliisha.

Sisemi kwamba volkeno ndiyo iliyonipa ugonjwa huu. Dokta mwenyewe nilipomwambia hivyo alitikisa kichwa: moshi, vumbi na gesi huichokoza pua iliyokwisha kuvimba, alisema, lakini hawezi kunionyesha siku na saa ya mwanzo wake. Nilimwamini zaidi kwa vile alikataa kunipa jibu tamu. Na vichokozi Goma hatuvikosi. Udongo wetu ni lava iliyosagwa na magurudumu. Lori likipita, vumbi jeusi linapanda hadi kwenye kope. Nyiragongo hupumua gesi ya salfa hata siku ambayo haina hasira na mtu. Nyumbani tunapikia makala. (Wasomaji wa Dar es Salaam watanisamehe: kwenu makala ni maandishi ya gazeti, kwetu ni mkaa. Moshi wa makala nilioumeza mimi ni mwingi kuliko makala zote mlizowahi kuchapisha.)

Maumivu yalianzia katikati ya macho, kana kwamba mtu ameweka pale kidole gumba akasahau kukiondoa. Kisha yakahamia mfupa wa shavu la kulia, na kutoka hapo yakashuka menoni. Kuinama kupuliza mbabula, jiko letu la makala, ikawa adhabu. Kichwa kilikuwa kama ndoo iliyojaa pomoni: ukiinamisha, yote yanakuja usoni. Nikaenda kwa mng'oa meno mmoja, simtaji, akanitoa gego la juu. Lilikuwa zima. Ninalo mpaka leo ndani ya kopo la vifungo, na kila nikiligeuza sioni hata tundu la sindano. Haikupita wiki mbili, jino la jirani yake likaanza kuuma vile vile.

Baadaye sana nilichorewa sababu yake nyuma ya risiti. Usoni mwetu mna vijumba vya hewa jozi nne: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na vingine vimejificha ndani kabisa nyuma ya pua. Mizizi ya magego ya juu iko jirani na sakafu ya kijumba cha shavuni, na neva inayopeleka habari za maumivu kutoka sehemu hizo ni ile ile moja. Kwa hiyo shavu likiwaka, ubongo unasikia jino. Hata kinyume chake hutokea: jino bovu la juu laweza kukiambukiza kijumba cha shavuni, ndiyo maana kumwona daktari wa meno si kosa. Kosa ni kung'oa kabla ya kuchungulia.

Katika mchoro ule kilichonishangaza zaidi ni mlango. Kijumba cha shavuni ndicho kikubwa kuliko vyote, na mlango wake uko juu, karibu na dari! Ute wa ndani hautoki kwa kuteremka, unasukumwa kupanda na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia usiku na mchana. Utando ukivimba, mlango unaziba, na vinyweleo vinashindwa. Fundi wa Goma angejenga nyumba ya hivyo, angefukuzwa kabla ya kupaua. Basi mafua ya kawaida hupita ndani ya siku kumi hivi. Dalili zikivuka wiki 12 bila kuisha ndipo ugonjwa huitwa sugu, na hapo mara nyingi kinachosumbua ni uvimbe usiozimika. Mdudu anayengoja kuuawa kwa vidonge huenda hayupo kabisa. Mimi nilikuwa nimekwisha kumeza antibiotiki iitwayo amoksisilini mara tano, kila mara kwa ushauri wa kibanda tofauti cha dawa.

Kupoteza harufu sikukujua kwa muda mrefu. Nani anajua siku aliyoacha kunusa? Nilikuja kugundua kwa noti. Kuna mama muuza sambaza anayebadilisha kwangu kila Jumatano, na noti zake tangu zamani zilikuwa zikinuka ziwa. Nilizoea kuzitenga ili zisiambukize nyingine. Jumatano moja alinipa fungu lake nikaliweka kasha moja na mengine. Mteja aliyefuata akakunja pua: "Mama, leo unauza samaki?" Nikazileta noti puani. Hakuna kitu. Jioni ile ile nikajaribu jibini ya Masisi, kitunguu, hata petroli ya bidoni. Hakuna. Nikaelewa kwa nini sombe (kisamvu) yangu ilikuwa imeungua mara tatu mwezi ule na mimi nimekaa jikoni.

Usiku nilipumua kwa mdomo, nikakoroma, nikaamka koo limekauka kama kamba. Mume wangu alihamia sebuleni na godoro, akasema chumbani kuna joto. Joto, Goma! Mji ulio mita karibu 1,500 juu ya bahari, ambako tunalala na blanketi mbili. Nilimshukuru kwa uongo ule wa kistaarabu, lakini ni mwaka mzima tulilala mbalimbali.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kisanduku chenu hakikuligusa hata kwa ncha ya kalamu.

Mama mkwe wangu, mtu mwenye moyo mwema, aliniona nikiulizwa jambo na kujibu jingine. Akaniita pembeni: "Binti yangu, ulikula kwa nani?" Mtu wa Kivu hahitaji tafsiri ya swali hilo. Anauliza karuho, sumu ile inayosemekana humla mtu polepole, mpaka akonde, akohoe, apotee akili. Nikanyweshwa majani nitapike. Nikatapika. Karuho haikutoka kwa kuwa haikuwemo, lakini shaka ilikwisha kuingia. Jirani yangu wa meza, ambaye kwa miaka alikuwa akinimiminia chai yake ya tangawizi kila asubuhi, nikaanza kumwambia nimefunga. Nimefunga, tumbo linauma, nimekunywa nyumbani. Miezi minane. Alijua. Hakuniuliza hata mara moja, akaendelea kuleta kikombe cha pili na kukirudisha kikavu. Mhariri, hilo nalo ni sehemu ya sinuziti, na halimo katika kitabu chochote cha dawa.

Kisha likaja la kaye, yaani daftari la hesabu za chama chetu. Makambisti wanawake wa upande wetu tuko kumi na wawili katika likelemba moja, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kila wiki kila mmoja anatoa dola 20, anayefikiwa na zamu anaondoka na fungu. Kaye nilishika mimi kwa miaka tisa. Sikusoma mbali, niliishia darasa la pili la sekondari, na kaye ile ndiyo ilikuwa diploma yangu. Mwaka 2023 nikaanza kukosea. Mmoja nilimwandika amelipa wiki mbili wakati amelipa moja. Mwingine alilipa mbele ya watu watatu na mimi sikuandika kitu, kisha nikamdai hadharani. Alilia. Nilimtazama analia, nikijua kwamba lazima ana haki, na bado nikitafuta kichwani picha yake akinipa zile dola nisiipate.

Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Mwenyekiti alingoja kikao kiishe, akanishika mkono akasema: "Dada, pumzika kidogo. Kaye atashika mwingine." Pumzika. Neno lile lile la kisanduku chenu.

Sijui namna ya kumweleza mtu mwenye kichwa kizima jinsi hali ile ilivyo. Si usingizi, ingawa unachoka. Si kusahau kwa wazee. Ni kama kusikiliza redio iliyo chumba cha jirani: unajua wanasema Kiswahili, unajua ni taarifa ya habari, lakini ukitaka kulishika neno moja linapita. Wateja watatu wakizungumza kwa pamoja, jambo ambalo zamani lilinichangamsha, nilitamani kufunga kasha nikimbie. Bei ya dola nilimwuliza mtoto wa inite mara nne kwa asubuhi moja. Mara ya tano akaniandikia kwenye kipande cha katoni akakisimamisha mbele yangu, kama anavyowekewa mtu bei ya nyanya. Nilicheka. Nikaenda kulia chooni.

Dokta wa masikio, pua na koo niliyemfikia mwishowe alinipa kwanza karatasi, kabla ya kunishika. Ina maswali 22, kila swali unajipa alama kuanzia 0 hadi 5, kwa hiyo anayeumwa kuliko wote angefika 110. Alisema hutumiwa na madaktari wa pua katika nchi nyingi. Akanisomea kwa Kiswahili. La kamasi nililitegemea, la kuziba pua nalo vivyo hivyo, uso kuuma, masikio kujaa. Halafu akaendelea: unapata shida kushikwa na usingizi? Unaamka umechoka? Kazi unayoimaliza imepungua? Umakini wako umepungua? Una hasira za haraka? Una huzuni? Unaona aibu?

Kwenye aibu nilishindwa kujibu. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno hilo, na hapa kuna watu wa mbali, wasionijua, waliokaa mezani wakaliandika pamoja na kamasi. Nilipata alama 68. Dokta alinipa muda, akafungua dirisha, akajifanya anatafuta kalamu.

Mtoto wa mdogo wangu anasomea udaktari, na tangu siku ile amekuwa akinisomea mambo kwenye simu yake jioni. "Mama mkubwa," aliniambia, "hawa wa Marekani wameshalichunguza hili lako." Mwaka 1995, huko Boston, waliwauliza wagonjwa wa sinuziti sugu waliofika kwa madaktari bingwa maswali ya afya kwa jumla, wakalinganisha majibu yao na ya watu wenye moyo dhaifu, wenye mapafu mabovu na wenye maumivu ya mgongo. Katika mizani mbili, ya maumivu ya mwili na ya kuishi na wenzako, wale wa pua walikuwa na hali mbaya zaidi. Mizani ya kuishi na wenzako! Nilifikiria kile kikombe cha chai.

Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walitazama picha za ubongo za watu 22 wenye uvimbe wa wastani hadi mkubwa katika vijumba vya uso, wakawaweka kando ya wengine 22 wasio nao. Waliona kwamba ule mtandao wa ubongo unaosimamia umakini ulikuwa na mawasiliano hafifu zaidi kwa wale wenye uvimbe, huku sehemu hiyo hiyo ikiwa imeungana zaidi na mtandao unaowaka akili inapotangatanga. Kwa lugha ya Birere: mhesabuji yuko kazini, lakini mlango wa mpiga soga umeachwa wazi.

Kijana wangu hakuniacha nikimbie na habari hiyo. Alinikumbusha kwamba waliopimwa walikuwa wachache na vijana, wa miaka 22 hadi 35, na kwamba kwenye mitihani ya akili hawakutofautiana sana na wenzao. Akasema picha inaonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, haionyeshi nani amemshika mwenzake mkono. Sawa. Nakubali. Mimi nina miaka 44, nakaa vumbini, na hakuna aliyeniweka ndani ya mashine yao. Ila hata bila mashine: mtu asiyelala, anayepumua kwa mdomo, mwenye kidole gumba cha mtu kati ya macho yake miaka mitatu mfululizo, mngetegemea ahesabu nini?

Nina haki moja ya kuitenda upande wa pili, maana najua barua hii ikichapishwa kila mwenye kichwa kinachogonga atasema "ni sinuziti kama ya yule mama wa Goma". Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa watu 2,991 waliokuwa wakijiita, au wakiitwa na madaktari, wagonjwa wa kichwa cha sinasi. Asilimia 88 kati yao dalili zao zilikuwa za kipandauso. Dada yangu yumo katika kundi hilo: miaka mingi ya matone ya pua, na ugonjwa wake unakuja na kichefuchefu na kuchukia mwanga, unakaa siku moja, unaondoka, na pua yake safi kabisa. Ndiyo maana dokta wangu hakuridhika na maneno yangu. Alichungulia puani kwa kamera nyembamba, akanipeleka kwenye skana, akanionyesha picha: upande wa kushoto kijumba cheusi, maana yake hewa, upande wa kulia kijivu tupu. Nililipa kwa fungu langu la likelemba. Ni uchungu, lakini jino lile zima nililipia pia.

Matibabu yenyewe hayana maajabu, na labda ndiyo maana hayaandikwi. Kwanza alininyang'anya matone ya kuzibua pua niliyokuwa nikinunua kibandani. Yale yakizidi siku tano hadi saba huigeuka pua yenyewe: yanazibua saa chache, kisha inaziba zaidi ya mwanzo, nawe unaongeza. Mimi nilikuwa nayo miezi. Wiki ya kuyaacha ilikuwa mbaya, nisidanganye mtu. Pili, kuosha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni: nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika, na nusu kijiko cha magadi ya kuokea mikate (bikaboneti ya soda). Maji yachemke kweli kweli, kisha yapoe. Hapa msinichekee, nasisitiza, kwa sababu wengi wetu tunachota ziwani: mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na ameba anayepanda hadi ubongoni. Ukiyanywa maji yale ameba huyo hakufanyi kitu. Puani anaua. Tatu, dawa ya kupuliza ya steroidi, kila siku, kwa miezi, wala haifanyi kazi siku ya kwanza, ndiyo maana watu huitupa siku ya nne. Kuna wanaofikia upasuaji wa kamera kupitia puani. Mimi sikufika huko.

Harufu ilirudi kama mgeni asiyejua nyumba. Kwanza sabuni, siku moja tu, ikapotea. Kisha moshi. Kisha, karibu mwezi wa tatu, Jumatano, yule mama akanipa fungu lake nami nikalishika nikaruka: sambaza! Alidhani nimeona noti bandia. Usingizi ulikuja kabla ya harufu, na hesabu ikaja nyuma ya usingizi, polepole, kwa kuchechemea. Siku nyingine haiji. Msimu wa kiangazi, vumbi likikaa hewani, narudi nyuma hatua mbili. Kwa hiyo nina sheria za mezani: mteja mmoja kwa wakati, nahesabu kwa sauti, naandika kabla ya kutoa. Benki za mji wetu zilipofunga mwishoni mwa Januari 2025, pesa za karatasi zikawa adimu na kosa dogo likauma maradufu. Lakini hayo ni ya barua nyingine.

Kaye sijarudishiwa. Aliyeishika anaandika namba nzuri kuliko zangu, inaniuma kukiri. Chai nimeanza kunywa tena. Nilimwambia jirani yangu ukweli wote, karuho na yote, akanyamaza, akasema, "Nilifikiri ni tangawizi imezidi," akamimina.

Ninachoomba kwenu, Bwana Mhariri, ni kisanduku kingine, saizi ile ile, pale pale. Mseme kwamba sinuziti sugu ina wiki zake 12, kwamba antibiotiki si mlango wa kwanza, kwamba jino zima lising'olewe. Na muwaambie wauguzi na madaktari wanaowasoma waongeze swali moja baada ya "unaumwa wapi?" Waulize: "Mama, hesabu zako zikoje?" Au kwa fundi cherehani, vipimo vyake vikoje, kwa motari (dereva wa pikipiki), barabara anaionaje. Mimi nilipita kwa watu sita kabla ya yule wa karatasi, na wote sita walitazama pua.

Na yule kijana wa dola 35, kama gazeti hili litamfikia: faranka 98,000 zile nimekwisha kuzilipia mwenyewe. Usizunguke tena kwa barabara ya nyuma. Nilikuona Jumatatu.

Kambisti wa Birere,
Goma